Mkwe wa Kaisari na kiti ambacho hakupewa

Yapata mwaka 210, huko Uskoti, Kaisari Septimius Severus alikuwa juu ya farasi akienda kupokea silaha za Wakaledonia waliokubali mapatano. Alikuwa mzee, miguu inamsumbua. Nyuma yake lilikuja jeshi lake, na mbele yake lilisimama jeshi la adui likitazama. Mwanawe mkubwa, Caracalla, akavuta hatamu, akachomoa upanga, akauelekeza mgongoni mwa baba yake. Waliokuwa karibu wakapiga kelele. Severus akageuka, akauona upanga, asiseme neno. Alikwenda akapanda jukwaani, akamaliza shughuli iliyompeleka, ndipo akarudi makao yake makuu. Huko alimwita mwanawe mbele ya Papinian, mkuu wa walinzi wake, akaamuru upanga uwekwe karibu, akamwambia kama kweli anataka kumuua baba yake basi amuue hapo, si hadharani mbele ya adui. Na kama mkono wake mwenyewe unasita, Papinian huyo hapo, na ampe amri.

Caracalla hakuua siku ile, na Severus naye hakumfanya kitu. Aliyetuachia kisa hiki ni Cassius Dio, seneta aliyeishi zama hizo hizo, naye anaongeza jambo linaloumiza kulisoma: Severus alizoea kumlaumu Kaisari wa zamani, Marcus Aurelius, kwa kutomwondoa kimyakimya mwanawe Commodus. Yalipomfika yeye, mapenzi ya mzazi yalimshinda. Severus alifariki Februari 211. Kabla mwaka huo haujaisha, Caracalla alikwisha muua mdogo wake Geta, aliyekuwa amemkimbilia mama yao, Julia Domna, na kumkumbatia.

Lawama ile ya Severus haijafa. Edward Gibbon, mwanahistoria Mwingereza wa karne ya 18, aliweka mwisho wa zama njema za Roma pale Commodus aliposhika utawala. Mwaka 2000 filamu ya *Gladiator* ilifikisha wazo hilo kwa mamilioni: mzee Marcus anataka kumwachia dola jemadari mwaminifu, na mwanawe anamwahi kwa kumkaba hadi kufa. Jemadari yule ni wa kubuni, na mauaji yale hayana ushahidi. Marcus alifariki tarehe 17 Machi mwaka 180, akiwa vitani upande wa mto Danube, miaka mitatu baada ya yeye mwenyewe kumpa mwanawe utawala kamili kando yake. Lakini swali lililo chini ya filamu ile ni la haki, nami nimelibeba kwa muda mrefu: je, alikuwapo mtu mwingine? Na kama alikuwapo, historia ya Roma ingekwenda wapi?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Roma ilikuwa na desturi nzuri ya kumteua mtu bora, na Marcus akaivunja kwa sababu ya mwanawe. Wanaosema hivyo wanataja mlolongo mzuri kweli: Nerva akamwasili Trajan mwaka 97, Trajan akamwachia Hadrian mwaka 117, Hadrian akamwasili Antoninus Pius mwaka 138, na Antoninus, kwa sharti la Hadrian, akamwasili kijana Marcus pamoja na Lucius Verus. Watawala wanne mfululizo, na kila mmoja akapokewa na mtu asiyemzaa.

Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyekuwa na mtoto wa kiume aliye hai. Antoninus alizaa wawili, wakafariki kabla hajapata utawala. Na hata walipochagua mtu wa nje, hawakwenda mbali na nyumba: Hadrian alikuwa jamaa wa Trajan, na Marcus alikuwa mtoto wa kaka yake mke wa Antoninus. Nerva, ambaye hakuwa na uhusiano na Trajan, alimteua akiwa amebanwa na walinzi walioasi, akihitaji mtu mwenye jeshi nyuma yake. Sioni hapo desturi ya kumpita mwana kwa ajili ya mtu bora. Naona nyumba zilizokosa mrithi zikitafuta njia, na bahati ikawa upande wa Roma.

Marcus na mkewe Faustina walizaa watoto wasiopungua 13. Wengi walizikwa wakiwa wadogo. Commodus alizaliwa Agosti 161 akiwa pacha, na pacha mwenzake alifariki akiwa na miaka minne. Mdogo wake, Annius Verus, aliyekuwa amekwisha tajwa pamoja naye kuwa mrithi, alifariki akiwa na miaka saba baada ya kupasuliwa uvimbe chini ya sikio. Kufikia mwaka 169 amebaki mwana mmoja tu. Marcus alipokwenda vitani alimwacha Galen, tabibu aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote wa zama zake, abaki Roma kuangalia afya ya mtoto huyo. Anayemtaka baba huyu amweke kando mwanawe pekee anapaswa pia kusema mtoto angepelekwa wapi.

Na hapa Roma yenyewe ina majibu, tena ya kutisha. Kaisari Claudius alikuwa na mwana wa kumzaa, Britannicus, akamwasili Nero mwaka 50. Miaka mitano baadaye, Nero akiwa ndiye mtawala, Britannicus alianguka mezani wakati wa chakula na kufa, kabla hajatimiza miaka 14, na waandishi wa kale wanasema alipewa sumu. Hadrian alipotafuta mrithi nje ya ukoo, shemeji yake Servianus, mzee wa miaka 90, na mjukuu wa mzee huyo, Fuscus, kijana wa miaka 18, waliuawa kwa sababu walionekana kuwa na uchungu wa kupitwa. Damu ya Kaisari iliyopitwa ilikuwa bendera inayongoja mtu wa kuishika, na mtawala mpya hakuweza kulala usingizi bendera hiyo ikiwa hai.

Kuna ushahidi wa baadaye ambao kwangu ndio mzito zaidi. Mwaka 305 Kaisari Diocletian alijaribu kwa makusudi kile ambacho wengi wanatamani Marcus angekifanya. Yeye na mwenzake Maximian walijiuzulu, na katika kuteua warithi wapya wakapitwa vijana wawili watu wazima: Constantine, mwana wa Constantius, Kaisari mwenzao, na Maxentius, mwana wa Maximian. Mpango ulikuwa wa akili sana kwenye karatasi. Julai 306 Constantius alifariki York, na askari hawakungoja barua kutoka kwa mtu yeyote. Walimtangaza Constantine papo hapo. Oktoba mwaka huo huo Maxentius naye akatangazwa Roma. Dola ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha kabisa mwaka 324. Askari wa Roma walikula kiapo kwa jina la nyumba, na mtoto wa nyumba alipokuwa hai hawakuona sababu ya kumtafuta mwingine.

Kwa hiyo Commodus angepitwa mwaka 180, angekufa yeye au wangekufa watu wengi kwa ajili yake. Simlaumu Marcus kwa kutomuua kijana wa miaka 18. Ninacholaumu ni kingine: alimwachia dola peke yake, ilhali mtu wa kukaa naye alikuwapo, tena ndani ya familia.

Mtu huyo aliitwa Tiberius Claudius Pompeianus, mzaliwa wa Antiokia ya Syria, kutoka familia ya tabaka la wapanda farasi, ngazi iliyo chini ya maseneta. Yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wake kuingia Seneti. Mwaka 167 alikuwa gavana wa Pannonia ya Chini, mpakani kabisa, wakati makabila ya ng'ambo ya Danube yalipokuwa yanaanza kuvuka kwa nguvu. Alipanda kwa kazi yake. Marcus alimwamini kiasi cha kumwoza binti yake Lucilla mwaka 169, mjane wa Lucius Verus, hata kabla kipindi cha kuomboleza hakijaisha. Lucilla hakufurahi, na mama yake Faustina hakufurahi. Kwa mwanamke aliyekuwa mke wa Kaisari, kuolewa na mzee wa Antiokia asiye na ukoo mkubwa kulikuwa kushushwa. Marcus hakutikisika. Mwaka 173 mkwe huyo alikuwa konsuli kwa mara ya pili, na katika miaka migumu ya vita vya Danube alikuwa miongoni mwa majemadari wakuu. Ndiye pia aliyemwinua Pertinax, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, na ambaye alikuja kuwa Kaisari mwenyewe.

Marcus hakuhitaji kubuni utaratibu mpya ili kumtumia mtu kama huyo. Mwaka 161, Antoninus alipofariki, Seneti ilikuwa tayari kumpa Marcus utawala wote. Yeye akakataa mpaka Lucius Verus, ndugu yake wa kuasiliwa, apewe mamlaka sawa naye, na kwa mara ya kwanza Roma ikawa na makaisari wawili kamili. Dola haikupasuka. Wawili hao walikaa pamoja miaka minane mpaka Lucius alipofariki. Marcus alijua kwa uzoefu wake mwenyewe kwamba kiti kile kinaweza kukaliwa na wawili, mmoja mzito na mwingine mwepesi, na kazi ikaenda.

Basi hebu tufikiri angefanya hivyo tena mwaka 177. Commodus angebaki mrithi, picha yake kwenye sarafu, jina lake katika viapo vya askari. Lakini juu yake, au walau sawa naye, angekuwapo shemeji yake, Kaisari kamili, mwenye kuamuru majeshi na kuteua magavana. Na kwa kuwa Pompeianus na Lucilla walikuwa na mtoto wa kiume, ambaye alikuja kuwa konsuli mwaka 209, damu ya Marcus ingekuwa pande zote mbili za kiti. Hakuna mtoto wa nyumba ambaye angepitwa.

Kwa nini hakufanya? Nadhani jibu liko katika mwaka 175. Masika ya mwaka huo uvumi ulienea kwamba Marcus amefariki, na Avidius Cassius, aliyetawala mashariki, akajitangaza Kaisari. Syria na Misri zikamfuata. Dio anasimulia kwamba Faustina mwenyewe alimpelekea ujumbe, akihofia mumewe akifa na mtoto bado mdogo nyumba itaangamia. Uasi ulidumu kama miezi mitatu tu kabla Cassius hajauawa na watu wake. Lakini Marcus alitoka pale ameshtuka. Alimwita Commodus mpakani, akamvisha nguo ya mtu mzima, kisha katika miaka miwili tu akampandisha ngazi zote hadi juu. Na Cassius alikuwa Msyria. Baada ya uasi wake ilipitishwa sheria kwamba mtu asitawale jimbo alikozaliwa. Katika hali ya hofu kama ile, kumweka Msyria mwingine kwenye kiti cha juu kabisa kungewashtua wengi, hata kama Msyria huyo ndiye aliyesimama mpakani wakati wengine wanapanga uasi.

Naielewa hofu hiyo. Hata hivyo, naona Marcus alisoma vibaya funzo la 175. Cassius alipata wafuasi kwa sababu watu waliona hakuna mtu mzima wa kushika dola Marcus akifa, na dawa aliyoichagua ilikuwa kumkuza mtoto kwa haraka. Alimwachia washauri wazuri, wengi tu, maseneta walio bora. Hakumwachia hata mmoja mwenye mamlaka ya kumzuia. Dio, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kumtetea Commodus, anasema kijana huyo hakuzaliwa mwovu. Alikuwa mtu wa moyo mwepesi na mwoga, na kwa hayo mawili akawa mateka wa waliomzunguka. Mtu wa namna hiyo anahitaji mkubwa ndani ya nyumba. Mshauri anayeweza kufukuzwa asubuhi hamfai kitu.

Tuliona hilo mara moja. Mwandishi Herodian anasimulia kwamba baada ya mazishi, wakati wapambe walipomkumbusha Commodus raha za Roma, Pompeianus alisimama akamsihi asiache vita nusu njia, na kwamba alipo Kaisari ndipo ilipo Roma. Commodus aliona haya, akanyamaza, kisha akaondoka. Oktoba 180 alikuwa Roma akifanya gwaride la ushindi. Angekuwa Pompeianus ni Kaisari mwenza, mmoja angerudi Roma na mwingine angebaki Danube, na pengine majimbo mawili ambayo Marcus alitaka kuyaunda ng'ambo ya mto, ya Wamarkomani na Wasarmatia, yangezaliwa. Hapa lakini sitaki kutia chumvi. Mkataba ambao Commodus aliufunga haukuwa wa aibu. Makabila yalirudisha mateka na kutoa askari, na kwa miongo kadhaa hapakutokea tena vita vya ukubwa ule upande huo. Majimbo mapya yangekula majeshi ambayo Roma, iliyonyongeshwa na tauni tangu mwaka 165, haikuwa nayo.

Tofauti kubwa ingetokea Roma kwenyewe. Mwaka 182 Lucilla, aliyekuwa na uchungu wa kushushwa kutoka nafasi ya kwanza, alipanga kumuua kaka yake. Kijana wa ukoo wa Pompeianus alimvizia Commodus kwenye njia nyembamba ya kuingilia uwanjani, akainua upanga, na badala ya kupiga akatangaza kwa sauti kwamba Seneti ndiyo iliyoutuma. Alikamatwa palepale. Maneno yale yalifanya madhara ambayo upanga wenyewe haukufanya: tangu siku hiyo Commodus aliiona Seneti yote kama adui. Lucilla alipelekwa kisiwa cha Capri na baadaye akauawa. Madaraka yakaangukia kwa wakuu wa walinzi na watumishi wa ikulu, kwanza Perennis, kisha Cleander, aliyekuwa mtumwa, na ambaye aliuza vyeo mpaka mwaka mmoja ukawa na makonsuli 25. Mmoja wa hao 25 alikuwa Septimius Severus.

Mke wa Kaisari mwenza asingekuwa na sababu ya kupanga njama ile. Na mume wake? Pompeianus hakuhusika, na Commodus alilijua hilo. Hakumgusa, ingawa hakupata kuwa na kisingizio kizuri kuliko kile. Kwa wanaosema kwamba Commodus angemuua mwenzake kama Caracalla alivyomuua Geta, naona hapa ndipo pa kuangalia: aliyeua maseneta kadhaa kwa shaka tupu alimwacha shemeji yake hai miaka yote. Pompeianus alijitenga mashambani, akisema umri umekwenda na macho yanamsumbua.

Seneti aliyoiacha iliishi kwa hofu mpaka mwisho. Mwaka 192, katika michezo ambapo Commodus mwenyewe alipigana uwanjani, Dio alikuwa ameketi na wenzake. Kaisari alimuua mbuni, akamkata kichwa, akaja mpaka walipokaa maseneta, kichwa mkono wa kushoto, upanga wenye damu umeinuliwa kulia. Hakusema kitu. Alitikisa kichwa chake na kukenua meno, kuwaonyesha kuwa nao atawafanya vivyo hivyo. Dio anasema kicheko kiliwashika kuliko woga, na kwa kuwa kucheka kungekuwa kufa, alichuma majani kwenye shada alilovaa kichwani akaanza kuyatafuna, na wenzake wa karibu wakamwiga, taya zikacheza, kicheko kikafichika. Hao ndio watu walioachiwa kuilinda dola usiku wa Desemba 31 mwaka huo, Commodus aliponyongwa na mwanamieleka wake.

Kilichofuata kinajulikana. Pertinax alitawala siku 87, walinzi wakamuua tarehe 28 Machi 193. Siku hiyo hiyo kambi ya walinzi iligeuka mnada: baba mkwe wa Pertinax, Sulpicianus, akitaja bei kutoka ndani, Didius Julianus akipandisha kutoka nje, mpaka Julianus akaruka mara moja hadi sestersi 25,000 kwa kila askari, akionyesha kwa vidole, na akapewa dola. Alidumu siku 66. Severus alikwisha tangazwa Kaisari huko Carnuntum, kambi ile ile ya Danube ambamo Marcus aliandika sehemu ya *Tafakuri* zake. Alipigana na wapinzani wake kutoka Syria hadi Lugdunum, mji wa leo wa Lyon, mpaka mwaka 197. Ushauri wake wa mwisho kwa wanawe ulikuwa wapatane, wawatajirishe askari, na wengine wote wasiwajali.

Na katika machafuko ya 193, Pompeianus alikuwa hai. Dio alimwona kwa macho yake, ameketi Seneti kando ya Pertinax, macho yake mazima na akili yake ikifanya kazi. Pertinax alipouawa, ugonjwa wake ukarudi, akaenda zake. Maana yake ni kwamba mtu ambaye Marcus angemweka kando ya mwanawe aliishi zaidi ya miaka 12 baada ya Marcus, na alikuwa bado hai Commodus alipokufa. Kijana wa miaka 18 angefikisha 31 akiwa na mkubwa pembeni yake.

Asingeweza kuzuia kila kitu. Tauni ingerudi, fedha ingepungua kwenye sarafu, na upande wa Uajemi utawala mpya wenye nguvu wa Wasasani ungesimama mwaka 224 hata Roma ingetawaliwa na malaika. Ninachoamini Roma ingekiepuka ni ule mnada wa 193. Askari waliosikia bei ya sestersi 25,000 waliwaambia wengine, na kati ya mwaka 235 na 284 makaisari zaidi ya 20 walipanda na kushuka, wengi wao kwa mikono ya majeshi yao wenyewe. Mjukuu wa Marcus kwa Lucilla, aliyebeba damu ile iliyowafanya askari waape, alikuwa konsuli chini ya Severus. Tunaelezwa kwamba Caracalla alimuua.